Kasha Lililopotea Njia: Mwongozo wa Mwenyeji

Lilifika Ijumaa alasiri kwa tuktuk, mimi niko sokoni. Kasha refu la karatasi ngumu, limebanwa kwa mikanda ya plastiki, zito hata dereva akamwomba kijana wa jirani wasaidiane kulishusha. Mke wangu alitia sahihi kwa sababu jina lililoandikwa juu kwa wino mzito lilikuwa langu hasa: herufi ya kwanza ya jina langu, kisha jina la babangu. Niliporudi nilimkuta mjukuu wangu, ambaye ni somo yangu, amepiga magoti anazifuata zile herufi kwa kidole. "Tsawe," akaniambia, yaani babu, "limeandikwa jina letu."

Ubavuni mwa kasha palikuwa na picha ya mashine ya boti, farasi 15. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Barani, hapa Malindi. Sina boti, na sikuwa nimeagiza kitu chochote.

Kabla jua halijazama majirani watatu walikuwa wamepita. Wa kwanza alinipa hongera. Wa pili aliuliza bei, akasema yuko mtu Ngomeni anayeweza kuichukua usiku huohuo kwa pesa taslimu. Wa tatu, mtu mzima ninayemheshimu, alikaa kwenye kibaraza, akalitazama kasha, akasema: "Mwalimu, hiyo ni riziki. Hukuiba. Imekuja yenyewe mpaka mlangoni."

Maneno ya huyo wa tatu ndiyo yaliyonikalisha niandike. Siku hizi mizigo inatembea kuliko watu, na zamu yako itafika. Itakapofika, huu hapa mwongozo.

Utakachohitaji

Simu yenye chaji na salio. Kalamu na karatasi. Mahali pakavu. Shahidi mmoja, na afadhali awe yule jirani mwenye maneno mengi, maana atakufanyia kazi ya kutangaza bila malipo. Na uamuzi, uliofanywa kabla ya chakula cha usiku. Hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Kitu cha mwenzio kikilala kwako usiku mmoja bila uamuzi, asubuhi kimeshapata mahali pake: mtoto amekiwekea daftari juu, mama amekizungushia ufagio anapofagia, na wewe mwenyewe umeshaanza kusema "lile kasha letu".

Hatua ya 1: Mpokee kama mgeni, wala usimvue nguo

Kitu kisicho chako kikiingia nyumbani kichukulie kama mgeni aliyepotea njia usiku. Utampa mahali pa kulala, utamkinga na mvua, na kukicha utamwonyesha njia ya kwao. Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hapewi jembe hata siku ya kumi. Usiwashe friji "kuona kama linafanya kazi". Usiitie mashine petroli. Usikate mkanda hata mmoja.

Mzigo uliofunguliwa una maneno mengi: kikikosekana kifaa kimoja, utaulizwa wewe, dhamana ya dukani ikivunjika, mwenyewe ndiye atakayeumia. Lakini hofu yangu kubwa ni kwa moyo wa mwenyeji. Ukishakigusa kitu kipya, ukakinusa mafuta yake, mkono wako hukizoea kabla akili haijatoa ruhusa.

Kwa hiyo piga picha pande zote, na karatasi ya mzigo uipige kwa karibu. Andika siku, saa, na namba ya tuktuk au pikipiki iliyoleta. Mwite shahidi aone mikanda iko mizima. Kisha funika na kanga kuukuu, uende ukale.

Hatua ya 2: Soma jina mpaka mwisho

Jina lako likiwa juu ya kasha, bado hujathibitisha kitu. Sisi wa pwani hii tunapaswa kulijua hilo kuliko watu wote. Mmijikenda humpa mwanawe wa kwanza jina la babake mwenyewe, na mtoto akikua humpa wake vilevile. Ndiyo maana ukoo mmoja unaweza kuwa na Katana Charo aliyezaa Charo Katana, aliyezaa Katana Charo, na wote watatu wakawa hai kwa wakati mmoja. Zidisha hayo kwa vijiji kutoka Mariakani mpaka Marafa, halafu mpe karani wa mizigo karatasi iliyoandikwa herufi moja na jina moja. Kosa lake lina sababu.

Tena nyumba zetu hazina namba. Anwani tuliyorithi ni sanduku la posta, 80200 kwa Malindi na 80108 kwa Kilifi, na sanduku la posta halina mlango wa kuegeshea tuktuk. Kwa hiyo mzigo husafiri kwa maelezo: bati jekundu nyuma ya msikiti, ukipita mwembe uliokatwa, uliza kwa mwalimu. Mwembe ukikatwa tena, mzigo umepotea.

Basi usianze kwa kuuliza kama jina ni lako. Uliza: niliagiza? Nililipa? Kuna mtu aliyeniambia ananitumia? Majibu yakiwa hapana, hapana na hapana, jina hilo ni la somo yako, na somo yako yuko mahali anasubiri.

Hatua ya 3: Mtafute atakayelipa

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Mwenye kukaa na mali ya mwenzio hujiambia: atakayepata hasara ni kampuni, na kampuni ni tajiri, haitasikia. Nimeishi na vijana wa mizigo, nimewafundisha wengine wao kusoma. Nakueleza hasara inavyotembea: haipandi ghorofani. Hushuka ngazi kwa ngazi mpaka imfikie mtu asiye na wa kumteremshia.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara iliyotokana na makusudi ya mfanyakazi, tena kwa kiasi cha haki. Kosa la bahati mbaya halimo. Lakini kinga hiyo ni ya mwenye barua ya ajira. Kijana wa tuktuk anayelipwa kwa safari, na chombo chenyewe ni cha bosi, hana barua. Anaambiwa tu: mzigo uko wapi? Na asipokuwa na jibu, anaanza kulipa.

Ijumaa ile nilipiga simu ofisi ya mizigo. Sitaitaja, maana kosa kama lile lingeweza kutokea kwa yeyote. Msichana aliyepokea aliangalia kitabu, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hapa kwetu mzigo huo umeshafika. Umetiwa sahihi." Nikamwambia sahihi ni ya mke wangu na mzigo si wetu. Akanyamaza. Kwa mujibu wa kitabu hakukuwa na kosa lolote duniani, na mtu pekee aliyeweza kulifufua lile kosa likaonekana alikuwa mimi. Hapo nilielewa kwamba kunyamaza kungekuwa kazi niliyoifanya kwa mkono wangu.

Alfajiri ya Jumamosi, kabla sijamaliza kunawa uso, yule dereva wa tuktuk alikuwa uani. Hakupiga hodi. Alikuwa amesimama karibu na mpapai, viatu mkononi, anatazama dirishani kuona kama kasha bado lipo. Mwenye mali alikuwa amempigia usiku. Nilipotoka akasema, "Baba, shikamoo. Wamesema ikipotea nitalipa mimi. Nimepiga hesabu usiku kucha. Ni miaka." Nilimwambia aketi, kasha lipo, halijaguswa. Hakuketi mpaka alipoingia ndani akaliona kwa macho yake na kuivuta mikanda mmoja mmoja.

Kwa hiyo hatua ya tatu ni hii: kabla hujaamua chochote, mpe sura yule atakayelipa. Usimtafute kwenye jengo la vioo Mombasa au Nairobi. Mtafute chini kabisa ya ngazi.

Hatua ya 4: Tangaza, lakini bakiza alama moja

Pengine kwako hatakuja dereva alfajiri, na itakubidi umtafute mwenyewe. Anza na namba zilizoko kwenye karatasi ya mzigo: mpokeaji, aliyetuma, ofisi. Kama hazipatikani, mwambie mzee wa mtaa, kisha chifu, na uandikishe polisi upewe namba ya kitabu cha matukio. Tangaza msikitini na kanisani, na kwenye kituo cha boda.

Unapotangaza usiseme yote. Walimu wa madrasa zetu wamefundisha miaka mingi ile hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kuhusu mali iliyookotwa. Aliambiwa autambue mfuko wake na kamba iliyoufunga, kisha atangaze mwaka mzima. Mwenyewe akija, apewe. Nimeifikiria sana hiyo kamba. Kwa nini kamba? Kwa sababu mwenye mali anaijua kamba yake, na tapeli haijui. Basi wewe sema "nimeletewa mzigo usio wangu", lakini rangi ya mkanda, au mji uliotoka, ukae nao moyoni. Anayekuja akauliza, mwache aseme yeye.

Wakristo nao wanalo agizo lao katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22: ng'ombe, kondoo, punda au vazi la ndugu yako likipotea, usijifanye hujaliona. Ndugu akiwa mbali au humjui, likae kwako mpaka alitafute, kisha umrudishie. Dini mbili zilizoishi pwani hii ukuta kwa ukuta zinakubaliana kwamba mwenye kuokota amepewa kazi, na kazi hiyo ina muda wake.

Hatua ya 5: Jua sheria, ili usidanganywe na wanaojua nusu

Utakutana na mtu aliyesoma atakayekuambia: Kenya ina sheria ya kulinda mlaji, ukiletewa kitu hukukiagiza huna wajibu wa kukilipia wala kukirudisha. Nusu ya hayo ni kweli. Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 inakukinga na mfanyabiashara anayekutupia bidhaa mlangoni kisha akurudie kwa bili. Lakini haikusudii kitu ambacho mpokeaji anajua, au alipaswa kujua, kwamba ni cha mtu mwingine. Kinga ile iliwekwa dhidi ya ujanja wa muuzaji. Haikuwekwa dhidi ya bahati mbaya ya jirani.

Kisha iko Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Kifungu cha 268 kinaeleza wizi ni nini, na kukigeuza kitu cha mwenzio kuwa chako kwa nia mbaya kumo, hata kama hukukitoa kwake kwa mkono wako. Aliyeokota kilichopotea ana kinga pale tu asipomjua mwenyewe na akiwa na sababu ya kweli ya kuamini hapatikani. Kasha lenye jina na simu juu yake halikupi sababu hiyo. Adhabu ya jumla ya wizi ni kifungo kisichozidi miaka 3.

Nimeiweka sheria katika hatua ya tano, baada ya yule kijana chini ya mpapai, kwa makusudi. Ukirudisha kwa kuogopa jela utakuwa umerudisha, na hiyo ni kheri. Ila mwenye kutazama jela pekee hurudisha siku anapojua ameonekana.

Hatua ya 6: Mgeni akiwa pesa za simu

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, mzigo unaopotea njia zaidi hauna kasha wala kamba. Ni ujumbe. Tarakimu moja imekosewa, na karo ya mtoto wa Tezo imeingia kwenye simu ya mtu wa Timboni.

Hapa fuata utaratibu, maana wezi nao wamejifunza kujifanya waliokosea. Kwanza hakikisha pesa zimeingia kweli: angalia salio lako mwenyewe kwa *334#, usiamini ujumbe uliotoka kwa namba ya kawaida. Kama hazimo, anayekulilia ni tapeli. Kama zimo, usizitoe, na usimrudishie wewe kwa kumtumia upya. Mwambie apeleke ujumbe wake wa muamala kwa namba 456, kampuni irejeshe yenyewe. Ukimtumia wewe, na huku yeye ameomba kurejeshewa, utalipa mara mbili. Kazi yako ni kuziacha mahali zilipo na kukubali zirudi.

Aliyezitoa haraka na kuzima simu ajue kuwa Bunge lilimfikiria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, kifungu cha 35, inamgusa anayeficha au kuzuilia kwa makusudi ujumbe au malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kwa makosa. Faini ni hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili.

Wala si mambo ya huku kwetu tu. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Crypto.com ilitaka kumrudishia mteja wa Melbourne, Australia, dola 100. Mtu fulani akaandika namba ya akaunti mahali pa kiasi, na zikaenda zaidi ya dola milioni 10. Ilichukua miezi saba kosa kugunduliwa, na sehemu ya pesa hizo ikanunuliwa nyumba. Mahakama ikaamuru nyumba iuzwe na pesa zirudi. Miezi saba yote ile kitabu kilisema kila kitu kiko sawa, kama kile cha msichana wangu wa mizigo.

Hatua ya 7: Mgeni akiwa amekaa miaka

Yuko atakayesema: mimi sikupokea kwa makosa, nilipewa zawadi, au nilinunua, na kitu kimekaa kwangu miaka mingi. Huyo nampeleka nyuma ya Kilifi, kwenye vilima vya Kaloleni.

Wazee wa chama cha Gohu wakifa husimikiwa kigango: mti uliochongwa, mrefu kama mtu au zaidi, wenye kichwa na mwili uliojaa pembetatu. Kigango ni mtu. Kina jina lake na wajukuu wake. Familia ikihama, chenyewe hakihami. Kuanzia miaka ya sabini na themanini vilianza kung'olewa usiku, na vijana waliolipwa pesa kidogo, vikauzwa kwa watalii na wachuuzi wa sanaa, vikavuka bahari mpaka Marekani.

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha Mzee Kalume Mwakiru, kijijini kwake karibu na Kaloleni, akiwa kando ya vigango alivyowasimikia ndugu zake wawili. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi wa mambo ya Afrika, Udvardy akamsikiliza mwenzake Linda Giles akionyesha picha za vigango vilivyoko katika makumbusho ya Marekani, na kimoja akakitambua. Kilikuwa katika Makumbusho ya Jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 familia ilivipokea vyote viwili nyumbani.

Naomba utazame jinsi mambo yalivyokwenda. Makumbusho hayo hayakuiba. Yaliletewa, kwa heshima, na watu wenye karatasi. Kilichowatambulisha wenyewe ni picha moja iliyopigwa kabla, na ndiyo maana hatua ya kwanza nilikuambia upige picha. Na walipojua, kujua kukawa mzigo mpya juu yao. Makumbusho ya Denver yaliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30. Illinois ilirudisha 37 mwaka 2023. Kama jengo la serikali ng'ambo ya bahari liliweza kuachia wageni 37 waliokaa kwao miongo, friji la mtu lililokaa kwako toka Pasaka linaweza kupakiwa kwenye mkokoteni leo jioni.

Hatua ya 8: Rudisha vizuri

Kurudisha nako kuna adabu yake. Usimpe mtu wa kwanza anayekuja na jina. Mwombe kitambulisho, risiti au ujumbe wa malipo, na ile alama uliyobakiza. Mwandikishe jina na namba, atie sahihi mbele ya shahidi yuleyule. Kama ofisi ya mizigo ndiyo inayochukua, dai karatasi kwamba wamechukua.

Nauli na muda wa simu una haki ya kurudishiwa, na wa kurudisha ni yule aliyekosea. Taja kiasi halisi. Lakini ukisema "kasha haliondoki bila kitu kidogo", umemteka mgeni wako na unaomba fidia. Mwenyewe akikupa zawadi kwa ridhaa yake, baada ya mzigo kutoka mlangoni, pokea ushukuru. Kabla ya hapo usiitaje.

Na ufanye haraka. Ule ulikuwa mwezi wa Novemba, kaskazi inaanza kuingia. Kusi ikivuma, wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba. Kaskazi ndiyo inayowafungulia bahari ya nje, kwenye nguru na jodari. Mashine ikikaa wiki tatu kwa mwalimu asiye na boti, si chuma tu kilichokaa, ni wiki tatu za kaskazi, na kaskazi hairudishwi na mahakama yoyote.

Maneno utakayoambiwa, na ya kujibu

"Ni riziki imekuja yenyewe." Riziki huja na jina lako na jasho lako, au kwa mkono wa anayekupa akijua anakupa. Hapa hakuna aliyenipa. Aliyeleta alidhani anampa mwingine.

"Wangekuwa wao wasingerudisha." Huenda. Kibaya chako si chema cha mwenzio.

"Umaskini wetu Mungu anauona." Anauona, na wa dereva pia anauona. Mara nyingi mali inayopotea mikononi mwa maskini ni ya maskini mwingine aliyechangisha.

"Ukirudisha watakucheka." Watacheka siku mbili. Siku ya tatu yule aliyecheka atakuletea ufunguo wa nyumba yake umshikie akienda mazikoni.

Hatua ya 9: Msindikize

Kama unaweza, nenda mwenyewe. Nilipanda na lile kasha nyuma ya tuktuk, mimi, dereva na mjukuu, tukashika njia ya Mayungu, kusini ya Malindi kabla hujafika Watamu. Walikuwa wanaume sita chini ya mkungu, mtumbwi wao umepinduliwa mchangani umeshapakwa rangi mpya. Mashine haikuwa ya mmoja. Walichanga wote sita, kaskazi mpaka kaskazi, kila mmoja akitoa kwenye samaki wake kabla ya kufika nyumbani.

Mkubwa wao alikuja akaniuliza jina. Nikamwambia. Akacheka kwa sauti, akanishika mikono yote miwili: "Somo!" Jina lake lilikuwa langu, herufi kwa herufi. Alikata mikanda kwa kisu cha kuparia samaki, taratibu, mmoja baada ya mwingine, akaikunja akaiweka mfukoni kama vile nayo itahitajika. Kasha lilipofunguka ilitoka harufu ya grisi na mpira mpya. Hakuna aliyesema neno. Kijana mdogo kuliko wote alinyoosha kidole, akaizungusha propela nusu mzunguko, akaiacha. Dereva wa tuktuk alikuwa ameketi mchangani, amevaa viatu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Njiani kurudi mjukuu wangu alikuwa kimya. Tulipofika karibu na uwanja wa ndege akauliza, "Tsawe, si jina lilikuwa letu?"

Nikamwambia jina ni letu, mashine ni yao. Nilitaka kuongeza, nikaona kwa umri wake yatosha. Yaliyobaki nayaandika hapa, atayasoma akiwa mkubwa. Jina ninalolitumia nililipokea kwa babu yangu likiwa safi. Sikumjua mtu aliyelitaja akatema mate. Nimeshampa yeye, ndilo analoandika juu ya daftari zake. Siku moja atapita Mayungu akitafuta kazi, au mchumba, au mahali pa kujikinga mvua, na atajitambulisha. Wazee watauliza: wewe ni wa yule mwalimu wa Barani? Nataka aweze kujibu ndiyo, na asogezewe kiti.

Jumatatu yake nilikuwa na mzigo wa kutuma kwa dadangu Mariakani. Nilimpa mtoto kalamu. Akaandika majina matatu, si herufi moja na jina moja. Akaandika namba ya simu mara mbili, juu na ubavuni. Akaandika: nyumba ya pili baada ya kisima, uliza. Kisha akaniomba utepe wa plastiki auzungushe juu ya maandishi, maji yasiyafute.